Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za maaskofu na mapadre waliofanya kazi katika nchi hizi za ziwa Tanganyika. Mimi nimepewa kuandika habari za mtu ambaye hakuwa padre wala bruda. Alikuwa katekista, mwenye mke na mtoto, wala hakuzaliwa katika nchi yetu. Naye ni Adrian Atiman.

Alizaliwa karibu na mwaka 1866 katika kijiji cha Tindirma, kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali. Alipokuwa bado mtoto mdogo alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, wakamvusha jangwa kubwa la Sahara mpaka Algeria. Huko Mapadre Weupe walimwona wakamkomboa kwa fedha mwaka 1876. Sisi watu wa Kigoma habari hizi si ngeni kwetu, maana soko la Ujiji lilikuwa mlangoni petu, na wazee wa wazee wetu walijua maana ya mtoto kutumwa maji asubuhi asirudi tena. Basi Atiman hakurudi kwao.

Wakati ule Kardinali Lavigerie aliona ya kuwa wazungu wengi waliotumwa katikati ya Afrika walikufa kwa homa kabla hawajafanya kazi. Akafikiri: afadhali vijana wa Kiafrika wajifunze uganga, wawe waganga na makatekista pamoja. Akataka pia wasigeuzwe kuwa wazungu, bali wale, wavae na kukaa kama wenyeji watakaowatumikia. Kwa hiyo mwaka 1881 Atiman na wenzake walipelekwa kisiwa cha Malta, wakasoma uganga katika chuo kikuu cha huko hata mwaka 1888. Kisha alipanda meli kwenda Zanzibar, na toka pwani alikwenda kwa miguu, njia ya miezi mingi, akafika Karema mwaka 1889.

Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao waliwaachia mapadre mwaka 1885. Wengi wa watu waliokaa pale walikuwa watumwa waliokombolewa, mayatima, na watu waliokimbia vita. Mganga wao naye alikuwa mtumwa aliyekombolewa. Hapakuwa na haja ya mtu kumweleza mateso yao.

Sasa msomaji akumbuke miaka ile ilivyokuwa. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe na nyati katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, njaa ikafuata. Funza waliotoka upande wa magharibi walienea, wakawalemaza watu wengi vidole. Ndui ilipita pamoja na misafara. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya 1900, malale yalishika pwani za ziwa. Na mwishoni mwa vita kuu, mwaka 1918, homa kali ya mafua ilizunguka dunia nzima, ikaingia na huku. Katika haya yote Atiman alikuwapo Karema.

Mganga mmoja aweza kufanya nini mbele ya maradhi makubwa namna hii? Ndui haikuwa na dawa. Palikuwa na chanjo tu, na ute wa kuchanjia uliharibika upesi kwa joto la njiani, maana toka pwani ulichukuliwa kwa vichwa vya wapagazi. Mtu aliyekwisha kuugua alihitaji maji, uji, kivuli, na mtu asiyemkimbia. Tena desturi ya nchi nyingi za bara ilikuwa na akili ndani yake: mgonjwa wa ndui alijengewa kibanda nje ya kijiji, naye alitunzwa na wale waliokwisha kuugua na kupona, kwa sababu ndui haimrudii mtu. Mwenye makovu usoni ndiye aliyekuwa muuguzi. Nawasihi walimu wawaeleze watoto jambo hili, wasidhani ya kuwa babu zetu walikaa tu wakingoja kufa. Ndui yenyewe imekwisha duniani, ikatangazwa hivyo mwaka 1980.

Malale yalikuwa shida nyingine. Dawa ya kwanza, atoksili, iliweza kumpofusha mgonjwa. Kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kufyeka vichaka vya mbung'o kando ya maji na kuhamisha vijiji. Sisi wa Kasulu na Kibondo tunayafahamu hayo vizuri kuliko wengine, maana katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wetu wengi wakae pamoja katika makazi makubwa kwa ajili ya malale. Amri ile iliokoa watu, lakini iliwatenga na mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Tena jambo hili nalo lilikuwa gumu: serikali yaweza kuamuru mtu ahame, lakini aliyehama huhitaji jembe, mbegu, na jirani wa kumsaidia kuezeka kabla ya masika.

Nadhani hapo ndipo faida ya mtu kama Atiman ilipoonekana, naye hakuwa na askari. Alimwoa Agnes Wansabira, wa ukoo wa watemi wa Wabende, akawa mkwe wa nchi, si mgeni tena. Pamoja na elimu ya Malta alijifunza pia mizizi na majani ya huku, akatumia iliyofaa. Baadhi yetu makatekista tumezoea kudharau kila dawa ya porini kana kwamba yote ni ya ushirikina. Atiman aliyesoma chuo kikuu hakufanya hivyo. Mchana alifunga vidonda, na mafundisho ya dini aliyafundisha vile vile.

Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipopatwa na kipindupindu pale Kagunga, na meli ya Liemba ikawachukua makundi kwa makundi mpaka Kigoma, na tena mwaka 2020, tulipoweka ndoo za maji na sabuni milangoni mwa makanisa kwa sababu ya korona, nilimkumbuka mzee huyu. Ziwa ni lile lile, na maji safi ndiyo yaliyotafutwa kwanza.

Mwanawe Yosefu alipewa upadre mwaka 1923. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozisimulia mwenyewe, zilipigwa chapa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alikuwa mzee sana, naye alikuwa bado Karema. Alifariki huko tarehe 24 Aprili 1956, baada ya miaka 67 ya kazi mahali pamoja. Hospitali ya Kanisa iliyoko Sumbawanga yaitwa kwa jina lake.