Macià: Mwanajeshi aliyevua gwanda akawa ‘Babu’ wa Catalonia

Ukitaja Barcelona, barobaro wengi huwaza kandanda tu. Lakini jiji hilo ndilo kitovu cha Catalonia, eneo la Uhispania lenye lugha yake, na kuna mzee mmoja aliyelipigania lijitawale hadi mwisho wa maisha yake.

Francesc Macià alizaliwa Septemba 21, 1859 mjini Vilanova i la Geltrú. Alijiunga na jeshi la Uhispania akiwa mhandisi, akapanda ngazi hadi luteni kanali. Cheo alikuwa nacho, heshima pia.

Mambo yaligeuka Novemba 1905. Gazeti la vichekesho, Cu-Cut!, lilichapisha kibonzo cha kuwakejeli wanajeshi. Maafisa wakapandwa na mori, wakavamia ofisi zake na za gazeti la La Veu de Catalunya jijini Barcelona. Cha ajabu, badala ya wavamizi kuadhibiwa, mwaka wa 1906 ilipitishwa sheria ya kuwapeleka mahakama za kijeshi raia waliotuhumiwa kulikosea jeshi au taifa. Macià alikataa kuwaunga mkono wenzake. Kumbe ukweli una bei yake! Alihamishwa hadi Santander, mbali na kwao.

Raia nao hawakunyamaza. Vyama ambavyo kwa kawaida havingeketi meza moja, kuanzia watetezi wa ufalme hadi wa jamhuri, viliungana kwa jina Solidaritat Catalana. Katika uchaguzi wa Aprili 1907, muungano huo ulizoa viti 41 kati ya 44 vya Catalonia. Macià, akiwa na miaka 47, alikuwa miongoni mwa washindi. Akaliaga jeshi.

Raha hiyo haikudumu. Wenzi hao walijua wanachopinga, ila hawakuelewana wanachotaka. Wakazozana kuhusu mswada wa serikali za mashinani, kisha Julai 1909 Barcelona ikalipuka kwa ghasia za kupinga vijana kupelekwa vitani Morocco. Muungano ukasambaratika.

Wengine walirudi kwa shughuli zao. Macià alizidi kukaza kamba. Mwaka wa 1922 aliunda kundi la Estat Català, na Jenerali Primo de Rivera alipotwaa mamlaka 1923, akatorokea Ufaransa. Mnamo 1926, akiwa na miaka 67, alipanga kuvuka mpaka na wapiganaji wake kupitia Prats de Molló. Polisi wa Ufaransa waliwanasa kabla hawajafyatua risasi. Akashtakiwa Paris, kisha akafukuzwa hadi Ubelgiji. Ungedhani mchezo umeisha.

Wapi! Alirejea 1931, na chama kipya cha Esquerra kikashinda uchaguzi wa Aprili. Aprili 14 alitangaza Jamhuri ya Catalonia. Siku tatu baadaye, baada ya mazungumzo na wajumbe wa Madrid, aliikunja bendera hiyo na kukubali serikali ya eneo, Generalitat. Kwa mtu aliyewahi kushika bunduki, kurudi nyuma hivyo si mchezo. Lakini mwaka wa 1932 bunge la Uhispania lilipitisha sheria ya kuipa Catalonia mamlaka ya kujiendeshea mambo yake, naye akawa rais wake.

Alifariki siku ya Krismasi, 1933. Wakatalani walikuwa wameshampa jina lao: l’Avi, yaani Babu. Muungano uliompeleka bungeni ulidumu miaka mitatu hivi. Yeye alishikilia hoja yake kwa zaidi ya miaka 25.