Jim Corbett: Mwindaji Aliyeijua Hatari ya Risasi ya Haraka

Mjini Nyeri, Kenya, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, amezikwa mtu ambaye jina lake limepewa mbuga mashuhuri ya wanyama nchini India. Ni Edward James Corbett, ambaye wengi walimwita Jim. Tunayasimulia maisha yake kwa ajili ya askari wetu, wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa alishika bunduki tangu utotoni, na aliyojifunza yanamhusu kila aliyekabidhiwa silaha.

Corbett alizaliwa tarehe 25 Julai 1875 huko Naini Tal, katika milima ya Kumaon, kaskazini ya India, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Waingereza. Baba yake, aliyekuwa mkuu wa posta, alifariki Jim akiwa bado mtoto mdogo. Kijana akaingia mapema kazi ya reli, na kwa zaidi ya miaka 20 alisimamia wachukuzi waliovusha mizigo ng'ambo ya mto Ganges. Lakini shule yake ya kwanza ilikuwa msitu. Humo alijifunza kusoma nyayo, na kutambua mlio wa paa au wa nyani unaoonya kuwa mnyama mkali yu karibu.

Mwaka 1907 aliombwa kumwua simbamarara jike wa Champawat. Simbamarara ni mnyama wa jamii ya paka, mwenye milia, mkubwa kama simba. Katika misitu ya Afrika hayupo. Ilihesabiwa kuwa jike huyo ameua watu 436, kwanza Nepal na kisha Kumaon. Wanakijiji walijifungia majumbani, wakaogopa hata kuvuna mashamba yao. Kabla ya kwenda, Corbett aliweka masharti mawili: serikali ifute zawadi ya fedha, na wawindaji wengine waondolewe. Hakutaka kuhesabiwa pamoja na watafuta zawadi, wala kupigwa risasi na mwenziwe kwa makosa.

Alipokwisha kumwua, aliuchunguza mzoga. Chonge mbili za upande wa kulia zilikuwa zimevunjwa zamani kwa risasi. Mnyama huyo hakuweza tena kukamata windo lake la asili, akageukia binadamu. Katika miaka iliyofuata Corbett aliona mambo kama hayo kwa simbamarara wengine: majeraha ya risasi yasiyopona, au miiba ya nungunungu iliyozama nyamani.

Hapo ndipo tunapoombwa kutafakari. Mtu fulani alifyatua bunduki bila shabaha ya hakika, akamjeruhi mnyama, akaenda zake. Deni la risasi ile likalipwa na wanawake waliokwenda kukata majani na kuokota kuni, wasiojua lolote juu yake.

Vitani pia alitumika. Mwaka 1917 aliongoza kikosi cha vibarua 500 wa Kumaon hadi Ufaransa. Katika Vita Kuu ya Pili, akiwa na umri wa karibu miaka 70 na cheo cha Luteni Kanali, aliwafundisha askari waliokwenda Burma jinsi ya kuishi na kupigana msituni.

Hatusemi kwamba hakuwa na doa. Aliwinda pia kwa fahari: mwaka 1930 alimwua dume mkubwa wa Powalgarh, ambaye hakuwa amemdhuru mtu. Hata hivyo, katika miaka hiyo alikuwa ameanza kuipenda kamera kuliko bunduki, na alihimiza wanyama walindwe. Mwaka 1936 ilianzishwa mbuga ya taifa kandokando ya mto Ramganga, ikaitwa Hailey, kwa jina la aliyekuwa gavana. Baada ya kifo cha Corbett ikapewa jina lake. Mwaka 1973 India ilianzia humo mpango wake wa kuwahifadhi simbamarara, na hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha wapatao 260. Wamo pia tembo, chui, dubu, fisimaji, paa wa madoadoa, mamba wenye mdomo mrefu mwembamba, na aina zaidi ya 500 za ndege. Simbamarara hawezi kudumu peke yake. Paa wakiisha naye huisha, na majani yakiisha paa huisha.

Mwaka 1947 Corbett na dada yake Maggie walihamia Nyeri. Huko aliendelea kuandika vitabu juu ya misitu ya Kumaon, na huko alifariki tarehe 19 Aprili 1955.

Nchini mwetu, tembo akivamia shamba au chui akiingia kijijini, mara nyingi askari ndiye anayeitwa kwanza, huku umati ukimshurutisha apige upesi. Corbett alichunguza kwanza, alihakikisha ndiye mnyama mwenye hatia, na aliyejeruhiwa alimfuata hadi mwisho. Kufyatua ni kazi ya kidole kimoja, na risasi ikishatoka hairudi. Ujasiri wa askari hupimwa pia kwa subira yake kabla ya kufyatua.