Josiah Henson, Mhubiri Aliyefundishwa na Mwanawe

Josiah Henson alizaliwa mtumwa Maryland, Marekani, mwaka 1789. Alidanganywa katika bei ya kujikomboa, kisha nusura auzwe mbali na mkewe. Mwaka 1830 walitoroka na watoto wanne hadi Kanada, wawili wadogo akiwabeba mgongoni ndani ya mfuko.

Alikuwa mhubiri tayari, lakini kusoma hakujua. Mwanawe Tom, aliyepata shule kule, ndiye aliyemfundisha. Sisi wazazi tunajua ugumu wa kukaa mwanafunzi mbele ya mtoto wako!

Mwaka 1842 yeye na wenzake walifungua shule katika makazi ya wakimbizi ya Dawn, karibu na Dresden, Ontario. Alifariki huko mwaka 1883.