Mercalli: Padri aliyepima matetemeko kwa nyufa za kuta

USIKU wa kuamkia Machi 19, mwaka 1914, moto ulizuka katika makazi ya padri mmoja mjini Naples, Italia. Kulipokucha, Giuseppe Mercalli, mkurugenzi wa kituo cha uchunguzi wa volkano ya Vesuvius, alikuwa amekwisha kufariki dunia akiwa na umri wa miaka 63. Wengi waliamini kuwa taa ya mafuta ndiyo iliyosababisha moto huo, ingawa wapo walioshuku mkono wa wezi.

Mercalli alizaliwa Milan Mei 21, 1850. Alipewa daraja la upadri mwaka 1872, kisha akasomea elimu ya miamba chini ya Antonio Stoppani, ambaye naye alikuwa padri na mwanasayansi. Maisha yake yote yaliyofuata aliyagawa kati ya altare, darasa na magofu ya nyumba zilizobomolewa na matetemeko ya ardhi.

Julai 28, 1883, mji wa Casamicciola katika kisiwa cha Ischia uliangamia na zaidi ya watu 2,000 wakapoteza maisha. Mercalli alilichunguza tetemeko hilo, na baadaye yale ya Andalusia, Hispania, la mwaka 1884, na Liguria la mwaka 1887.

Swali lililomkabili lilikuwa gumu. Mtu atalinganishaje maafa ya mji mmoja na mwingine, iwapo kila shuhuda anasimulia kwa hofu yake? Jibu lake lilikuwa ngazi za ukali. Mwaka 1883 alitoa kipimo cha ngazi sita, na mwaka 1902 akakipanua kuwa cha ngazi kumi, akiboresha kazi ya Rossi na Forel.

Katika kipimo hicho, mchunguzi huuliza mambo yanayoonekana: je, ni wachache tu waliohisi mtikisiko? Taa zinazoning'inia ziliyumba? Lipu ilipasuka, au kuta zenyewe? Nyumba ngapi zilianguka? Ndiyo maana tetemeko moja huweza kuwa na ngazi nyingi, kwani ukali hutofautiana toka mji hadi mji.

Desemba 28, 1908, Messina na Reggio Calabria, mji ambao Mercalli aliwahi kufundisha, ilisambaratika. Makadirio mengi yanataja vifo zaidi ya 80,000. Padri huyo, akikaribia miaka 60, alilifanyia utafiti tetemeko hilo pia.

Kazi yake haikukosa kasoro. Nyumba dhaifu huanguka hata kwa mtikisiko usio mkubwa, hivyo uharibifu pekee unaweza kumpotosha mchunguzi. Mwaka 1931, Harry Wood na Frank Neumann wa Marekani walitoa toleo lililorekebishwa la kipimo hicho, lenye ngazi 12, wakizingatia ubora wa ujenzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliunda SPERIL, programu ya kompyuta iliyotumia kanuni za wahandisi wazoefu kukadiria madhara ya jengo baada ya tetemeko. Nayo ilikabili shida ileile ya Mercalli: kuugeuza ushahidi usio kamili kuwa uamuzi.

Uamuzi huo si jambo dogo. Familia iliyolala nje hutaka kujua kama inaweza kurudi ndani, na jibu lisilo sahihi huweza kuiua wakati ardhi itakapotikisika tena.