Colin Chapman na Gharama ya Wepesi

Katika somo la semantiki, mojawapo ya maneno ninayopenda kuwapa wanafunzi wangu walichambue ni wepesi. Neno hili hubeba maana tatu zilizo jirani: upungufu wa uzito, kasi, na kutokuwepo kwa ugumu. Mwenye mzigo mwepesi huwa mwepesi wa kutembea, na safari yake huwa nyepesi. Katika lugha maana hizo huandamana. Katika maisha haziandamani daima, na ushahidi wangu ni Mwingereza Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Lotus. Mimi si mhandisi, lakini naamini kuwa maisha ya mtu huyu yana funzo kwa walimu na wanafunzi, hususan zama hizi ambapo ubunifu husifiwa kila mahali bila ya kuulizwa ni nani anayeulipia.

Chapman alizaliwa tarehe 19 Mei 1928 huko Richmond, na kukulia kaskazini mwa London ambako baba yake aliendesha baa. Alisomea uhandisi wa miundo katika Chuo Kikuu cha London, na papo hapo akajifunza urubani. Yamkini ndege na miundo ndizo zilizompa swali lililomtawala hadi mwisho: je, kila kipande cha chombo kina kazi gani, na kisipokuwepo itakuwaje? Mwaka wa 1948 aliliunda gari lake la kwanza kutokana na Austin Seven kuukuu, katika gereji ya wazazi wa mchumba wake, Hazel Williams. Mwaka wa 1952 akaanzisha kampuni yake kwa pauni 25 alizokopeshwa na Hazel huyo huyo, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe.

Sisi tuliokua tukitazama Safari Rally tulizoea kulisifu gari kwa uimara wake, lile lililohimili mashimo na matope likafika. Falsafa ya Chapman ilikuwa kinyume. Aliamini kuwa injini yenye nguvu humsaidia dereva penye barabara iliyonyooka, ilhali kupunguza uzito humsaidia kila mahali: anapoondoka, anapokata kona na anapofunga breki.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, gari la langalanga lilijengwa juu ya fremu ya mabomba membamba ya chuma, kisha likavikwa bati. Katika Lotus 25 ya mwaka wa 1962, Chapman aliitupilia mbali fremu hiyo. Badala yake aliunda mwili wa mabati ya alumini yaliyofungamanishwa, mithili ya kaa ambaye hana mifupa ndani bali hubebwa na gamba lake. Gari likawa jepesi zaidi, na wakati huo huo likawa gumu kupindika. Dereva alilazwa karibu chali ili upepo usipate pa kumzuia. Mwaka wa 1963, Mskoti Jim Clark alishinda mashindano 7 kati ya 10 ya ubingwa wa dunia katika gari hilo.

Mwaka wa 1967 Chapman alipiga hatua nyingine. Aliishawishi kampuni ya Ford kugharamia injini mpya iliyoundwa na Cosworth, kisha yeye na msanifu wake Maurice Philippe wakaifanya injini yenyewe kuwa sehemu ya mwili wa gari. Nyuma ya dereva hapakuwa na fremu tena. Magurudumu ya nyuma yalishikiliwa na injini pamoja na giaboksi. Lotus 49 ilishinda siku ya kwanza iliposhindana, kule Zandvoort, Uholanzi. Injini hiyo nayo ikaja kushinda mashindano 155 ya ubingwa wa dunia katika magari ya timu mbalimbali.

Hadi hapo ndipo wasimuliaji wengi hukomea. Lakini wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gari jepesi mno lina mzigo ambao haupimwi kwenye mizani, na aliyeubeba hakuwa yule aliyelichora.

Dalili zilionekana mapema. Katika mazoezi ya mashindano ya Ubelgiji mwaka wa 1960, huko Spa, gurudumu la Lotus ya Stirling Moss lilichomoka na Moss akavunjika miguu. Siku hiyo hiyo usukani wa Lotus ya Mike Taylor ulikatika. Taylor hakurudi tena katika mbio hizo, na aliishtaki kampuni akashinda kesi. Mwezi wa Mei 1969, mjini Barcelona, mabawa marefu yaliyofungwa juu ya Lotus 49 ili kuyagandamiza magurudumu yalivunjika, kwanza kwenye gari la Graham Hill, kisha kwenye lile la Jochen Rindt. Wote wawili walinusurika.

Rindt, Mwaustria aliyejua thamani ya uhai wake, alimwandikia Chapman barua siku chache baadaye. Alimweleza kuwa magari ya Lotus yalikuwa na kasi ya kutosha kiasi kwamba yangeweza kuongezwa kilo chache za kuimarisha sehemu zilizo dhaifu na bado yakashinda. Kwa maoni yangu, ombi hilo ndilo kiini cha kisa hiki chote.

Tarehe 5 Septemba 1970, katika mazoezi huko Monza, Italia, Lotus 72 ya Rindt iliacha njia wakati wa kufunga breki ikagonga kizuizi cha kando. Rindt akafariki. Ekseli ya breki ya mbele ilikutwa imevunjika. Ni haki kuongeza kwamba kizuizi kilikuwa kimejengwa vibaya, na kwamba Rindt hakuwa amefunga mikanda yake yote. Alama alizokuwa amekwisha kuzikusanya hazikufikiwa na yeyote, hivyo akawa bingwa wa dunia akiwa kaburini. Hadi leo hajapatikana mwingine wa namna hiyo.

Mwaka uliofuata, kwa kuhofia mkono wa sheria ya Italia, Chapman alipeleka Monza gari moja tu, tena kwa jina la timu nyingine. Gari hilo, Lotus 56B, ni miongoni mwa maajabu yaliyosahauliwa: liliendeshwa kwa injini ya turbini, jamaa ya zile za helikopta, na halikuwa na klachi wala giya za kubadilisha. Emerson Fittipaldi alimaliza nalo katika nafasi ya 8, na mradi ukafa.

Chapman hakukoma. Mwaka wa 1978 Lotus 79 ilimpa Mario Andretti ubingwa kwa kuitumia hewa inayopita chini ya gari kulivuta lishikamane na barabara. Mwaka wa 1981 akaja na Lotus 88, gari lenye miili miwili, mmoja wa kubeba shinikizo la hewa na mwingine wa kumbeba dereva. Aliamini kuwa kanuni hazikulikataza. Wakuu wa mashindano wakalipiga marufuku.

Tabia hiyo ya kutafuta upenyo katika kanuni haikuishia kwenye magari. Lotus ilipopewa kazi ya kuliendeleza gari la John DeLorean, lililoundwa Belfast kwa fedha za serikali ya Uingereza, mamilioni ya dola yalipitia kampuni iliyosajiliwa Panama yakatoweka. Chapman alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Desemba 1982, akiwa na umri wa miaka 54, kabla ya kushtakiwa. Mkuu wake wa fedha, Fred Bushell, alifungwa miaka 3 mwaka wa 1992, na hakimu akaeleza kwamba Chapman, lau angekuwa hai, angefungwa si chini ya miaka 10.

Je, tumfundisheje mtu kama huyu? Wapo watakaotaka tumsifu muundaji na kumficha mshukiwa. Wapo pia watakaotaka tumfute kabisa. Naona pande zote mbili zinakosea. Magari ya langalanga ya leo yangali yanabebwa na injini zake kama Lotus 49, na papo hapo hayaruhusiwi kushindana kabla ya kufaulu majaribio ya kugongwa. Yaani dunia ilikubali mawazo ya Chapman, na ikakubali pia ombi la Rindt. Mwalimu anayesimulia la kwanza na kuliacha la pili amesimulia nusu ya maisha hayo. Mwanafunzi anayeota kuwa mvumbuzi na ajifunze kuuliza mapema: kilo hii ninayoiondoa, ni nani atakayeibeba?