George Adamson wa Kora: Mtu Aliyewaita Simba kwa Nyama

Mvuvi yeyote wa Faza au Kizingitini atakwambia ya kuwa chambo kina kazi mbili. Ya kwanza ni kumleta samaki. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kumzoesha. Leo twamweleza mtu aliyezijua kazi zote mbili, ingawa hakuwa mvuvi wala hakuwa mtu wa pwani. Maisha yake yaliishia katika nyika za mto Tana, juu ya mji wa Garissa. Naye ni marehemu George Adamson, ambaye wengi walimwita Baba ya Simba.

Tumemkumbuka kwa sababu ya vijana wanaotega kamera porini siku hizi. Kamera hizo hufungwa mtini zikaachwa, na mnyama apitapo, joto la mwili wake na mwendo wake huifanya kamera ipige picha yenyewe. Kijana akingoja mwezi mzima asipate ila picha za majani yanayotikiswa na upepo, hujiwa na wazo la kumwaga chumvi au mahindi hapo mbele, au kutundika kipande cha nyama. Katika mbuga za Kenya kuwalisha wanyama ni marufuku, na hata Marekani mna majimbo yanayomkataza mwindaji kuwavuta paa kwa mahindi kabla ya msimu wa kuwinda. Wako wanaoona sheria hizo ni za kuwaonea watu. Basi na wayatazame maisha ya Adamson.

Alizaliwa India katika mwaka wa 1906, baba yake akiwa Mwairishi, na akafika Kenya mwaka wa 1924 akiwa kijana wa miaka 18. Alijaribu kazi nyingi, zikiwemo kutafuta dhahabu na kufanya biashara ya mbuzi na ya nta, na hakuna iliyomtajirisha. Mwaka wa 1938 akaingia Idara ya Wanyama wa Porini, akapewa kulinda eneo kubwa lililoitwa Jimbo la Mpaka wa Kaskazini, ambalo ndani yake zilikuwamo Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Makao yake yakawa Isiolo, lakini nyika yote hiyo aliizunguka kwa miguu, kwa ngamia na kwa gari. Ilikuwa Garissa, mwishoni mwa 1942, ndipo alipokutana na Joy, mwanamke mchoraji wa maua na miti, na mwaka wa 1944 wakaoana.

Kazi ya afisa wa wanyama siku hizo haikuwa kulinda tu. Simba akizoea kula mifugo au kula watu, yeye ndiye aliyeitwa amwue. Desturi ya wawindaji ilikuwa kutundika mzoga mtini, kisha mtu hukaa kimya na bunduki usiku kucha. Chambo kilikuwa mlango wa mauti, na mnyama aliyekijia hakurudi.

Mwaka wa 1956 Adamson alikwenda kumtafuta simba aliyekuwa ameua mtu. Huko akashambuliwa na simba jike, akampiga risasi, halafu ndipo akagundua ya kuwa alikuwa na watoto watatu. Akawachukua. Wawili wakapelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, na yule mdogo wakabaki naye, wakamwita Elsa. Mkewe alikitoa kitabu cha habari za Elsa mwaka wa 1960, kikasomwa dunia nzima. Lakini jambo lililo kubwa kuliko kitabu ni kwamba walimfundisha Elsa kuwinda mwenyewe, wakamwacha huru Meru, naye akapata mume wa mwituni na kuzaa watoto watatu.

Elsa alikufa kwa maradhi mwanzoni mwa 1961, na hapo hesabu ya chambo ikaanza kudaiwa. Watoto wake walikuwa wamezoea kuletewa nyama kambini. Mama hayupo, na nguvu za kuwinda bado, wakaingia katika maboma ya wanavijiji na kuwala mbuzi. Serikali ikataka waondolewe. Adamson akatengeneza masanduku makubwa, akawa anaweka nyama ndani kila usiku, hata wale watoto wakazoea kuingia kula bila hofu. Usiku mmoja, wote watatu wakiwa ndani, milango ikaangushwa. Wakasafirishwa hadi Serengeti, Tanganyika.

Huko wakakutana na sheria. Wakubwa wa mbuga waliwapa Adamson na mkewe muda wa kukaa na simba wao na kuwalisha, na muda ulipokwisha wakaambiwa wasilishe tena. Wakitaka kurudi, waje kama wageni wengine na kufuata amri za mbuga. Joy aliona huo ni ukatili, maana mmoja wa wale watoto alikuwa na jeraha la mshale. Lakini mkuu wa mbuga naye alikuwa na hoja: mbuga ikimruhusu mmoja kulisha simba wake, kesho itamkatazaje mwingine? Adamson alikwisha kuiacha kazi ya serikali mwaka huo huo. Alizunguka Serengeti usiku baada ya usiku akiwatafuta wanyama ambao yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kumtegemea binadamu.

Ilipotengenezwa sinema ya Elsa, iliyotoka mwaka wa 1966, Adamson ndiye aliyewatunza simba waliochezeshwa. Baada ya kazi kwisha akapewa baadhi yao, akaenda nao Meru awafundishe maisha ya porini. Mmoja wao aliitwa Boy. Mwaka wa 1969 Boy alimjeruhi mtoto mdogo wa mkuu wa mbuga ndani ya gari, na Adamson akatakiwa aondoke.

Ndipo mwaka wa 1970 akahamia Kora, nchi ya miiba na majabali kando ya Tana, ambayo wachache sana waliitaka. Akajenga vibanda, akavizungushia ua wa waya, akapaita Kampi ya Simba. Ajabu yake ni kwamba watu ndio waliokuwa ndani ya ua, na simba wakawa nje. Jioni huwaita, wakaja. Nyama aliyowapa aghalabu ilikuwa ya ngamia, aliyonunua kwa wafugaji wa Kisomali. Mwaka huo huo aliletewa Christian, simba aliyenunuliwa dukani London na vijana wawili wa Australia, naye akafunzwa mpaka akashika njia yake porini. Wageni walikuja na kamera zao, wakapiga picha za simba zisizopatikana pengine popote.

Hapana haja ya kuficha upande wa pili. Mwaka wa 1971, Boy alimwua mfanyakazi wa kambi aliyeitwa Stanley, na Adamson akampiga risasi Boy kwa mkono wake mwenyewe, simba aliyekuwa amemlea kwa miaka. Baadaye watu wengine pia walijeruhiwa, akiwemo ndugu yake Terence, hata serikali ikamkataza kupokea simba wapya. Wataalamu wengi walisema ya kuwa simba aliyepoteza hofu ya binadamu ni hatari kuliko simba wa mwituni. Adamson alijibu kwa vitendo: zaidi ya simba 20 walipita mikononi mwake, na wengine wakazaa na simba wa porini, watoto wao wasijue kambi wala nyama ya kupewa.

Na wafugaji je? Sisi tulio mbali huisahau sehemu yao. Ukame ulipobana, watu wa upande wa Garissa walivuka mto na ngamia zao kutafuta malisho, kama walivyofanya babu zao. Kwa Adamson hao walikuwa wavamizi wa hifadhi. Kwa wao, yeye alikuwa mzee wa Kizungu anayewanenepesha maadui wa mifugo yao. Simba kadhaa walikufa kwa sumu. Mfugaji aliyepoteza ngamia hakuwa na wa kumwandikia kitabu.

Mwaka wa 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe, lakini bunduki haramu zilizidi nyikani, na majangili wakawamaliza ndovu na vifaru wa Kora. Joy, aliyekuwa akiishi mbali na mumewe kwa miaka mingi, aliuawa Shaba mwezi wa Januari 1980. Adamson akabaki. Mwaka wa 1988 serikali ilimpa tena watoto watatu wa simba. Tarehe 20 Agosti 1989 wahalifu wenye silaha walimshambulia mgeni wake karibu na uwanja wa ndege wa Kora. Mzee wa miaka 83 akaendesha gari kuwaelekea ili kumwokoa, akauawa pamoja na wafanyakazi wake wawili. Alizikwa hapo Kora, karibu na nduguye Terence na karibu na Boy.

Sasa turudi kwa vijana wetu wa kamera. Katika misitu ya Boni na Dodori, inayounganisha Lamu na Ijara ya Garissa, watafiti walitega kamera na mwaka wa 2010 wakatangaza picha za sange mkubwa asiyefanana na wale waliojulikana. Kamera hizo zilionyesha pia ya kuwa yule paa mdogo mwekundu, ambaye ndugu zetu wa Unguja humwita paa nunga, yungali yuko huko kwa wingi usiotazamiwa. Kawaida ya kazi hiyo ni kutega kwenye mapito bila chambo, kwani chambo huharibu hesabu: huwaleta walafi na kuwaacha waoga.

Anayetaka picha ya paa na ajifunze mwendo wa paa. Atafute njia iendayo majini, ukingo wa laga wenye kivuli, ardhi yenye chumvi ya asili, au mahali pale pale dikidiki wanaporudi kuweka mavi yao. Aifunge kamera chini, kimo cha goti, aielekeze kaskazini au kusini jua lisiichome, afyeke nyasi za mbele, kisha aondoke asirudi rudi. Kabla ya yote aombe ruhusa kwa wenye mbuga na kwa wazee wa malisho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Adamson aliwapenda wanyama kuliko wengi wetu, na alilipa kwa maisha yake. Lakini hata yeye, kwa ujuzi wake wote, hakuweza kuwaita simba kwa nyama kisha akachagua ni nani atakayelipa. Wahenga walikwisha kusema, mazoea yana taabu.