Béla Bartók: Mkusanyaji wa Nyimbo Aliyelaumiwa na Pande Mbili

Hapa Pwani si ajabu kuwakuta watu barazani wakibishana kama asili ya taarabu ni Lamu au Unguja. Ubishi wa namna hii hauko kwetu tu. Huko Hungaria, marehemu Béla Bartók, mtunzi na mpigaji piano mashuhuri, alitiwa lawama kubwa kwa kusema aliyoyaona juu ya asili ya nyimbo za jadi.

Bartók alizaliwa tarehe 25 Machi, 1881, katika mji mdogo wa Nagyszentmiklós. Baba yake alifariki yeye angali mtoto wa miaka saba, akalelewa na mama aliyekuwa mwalimu. Mwaka 1904 alimsikia msichana mtumishi wa nyumbani, mwenyeji wa Transylvania, akiimba wimbo wa kwao kijijini. Wimbo ule ulimwingia moyoni. Tangu hapo yeye na mwenzake Zoltán Kodály walizunguka vijijini na mashine ya kunasa sauti kwa silinda za nta, wakiwaomba wakulima wawaimbie.

Bartók hakubagua. Alikusanya nyimbo za Wahungaria, Waslovakia na Waromania waliokaa chini ya ufalme mmoja. Mwaka 1912, huko Maramureş, aliwakuta Waromania wakiimba wimbo mrefu wenye madoido mengi ya sauti. Mwaka uliofuata alivuka bahari hadi Algeria, akanasa nyimbo za Waarabu wa Biskra na Sidi Okba, mji alikozikwa Uqba bin Nafi. Kumbe huko nako kulikuwa na mtindo uliofanana na ule wa Maramureş! Baadaye aliukuta pia katika nyimbo za Iraki na Uajemi. Ikambainikia kwamba wimbo husafiri kama msafiri mwingine yeyote.

Elimu hiyo ilimponza. Mwaka 1920, kwa mkataba wa Trianon, Hungaria ilipoteza zaidi ya theluthi mbili za ardhi yake, na Transylvania ikawa ya Romania. Mwaka huo huo makala yake juu ya muziki wa Waromania ilitoka kwa Kijerumani. Magazeti ya kwao yakamshambulia kuwa si mzalendo, ingawa makala ile ilikwisha kuchapwa kwa Kihungaria tangu 1914, na hakuna aliyeteta. Miaka ya 1930 ikawa zamu ya Romania: mtaalamu mmoja wa huko alimshutumu kwamba anawapendelea Wahungaria.

Hakuacha. Mwaka 1932 alihudhuria mkutano mkuu wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo, na mwaka 1936 alikwenda Uturuki, ambako karibu na Adana alisikia nyimbo zilizofanana na zile za kale za Wahungaria.

Mwaka 1940, vita vikiwaka Ulaya, alihamia Marekani. Akiwa mgonjwa na mwenye mapato haba, aliendelea kupanga nyimbo za Waromania, zaidi ya 3,000. Alifariki New York tarehe 26 Septemba, 1945, kabla hazijachapwa; zilianza kutoka mwaka 1967.

Mwaka 1988 mwili wake ulirudishwa Budapest. Mji aliozaliwa sasa umo Romania. Mipaka ilihama, nyimbo zikabaki na waimbaji wake. Tubishanapo barazani, tumkumbuke mzee huyu: kabla ya kudai wimbo ni wetu peke yetu, kwanza tuwasikilize majirani wanavyouimba.